Kifuniko cha Katoni

Siku ya kumi na nane mayai hayageuzwi tena. Kila anayeangua vifaranga anajua hivyo. Unayatoa kwenye trei za juu, unayalaza kwenye trei ya chini, unaongeza maji kidogo ili hewa iwe na unyevu, unafunga mlango wa mashine, kisha unakaa mbali kwa siku tatu. Ukifungua-fungua kuchungulia, unyevu unatoroka na kifaranga anakaukia ndani ya ganda. Kazi yako imekwisha, inayobaki ni yake.

Wangeci alifunga mlango huo Jumatatu saa mbili asubuhi, akafuta mikono kwenye aproni, na kabla hajakaa kitini simu ikalia. Alikuwa Nicodemus wa Kikopey, mwenye hoteli ya nyama choma. Ndiye aliyekuwa ameagiza vifaranga mia tatu, karibu wote waliokuwa ndani ya mashine ile.

"Mama Abby, habari ya asubuhi. Hata sijui nianzie wapi."

"Anzia popote, Nicodemus."

"Kuku wangu wameshikwa na kideri. Tangu juzi nazika tu. Daktari amesema banda likae bure miezi miwili." Lori likasikika likipita nyuma yake barabarani. "Ningenyamaza ujue Alhamisi. Lakini hizo vifaranga zikikanyaga hapa zitakufa zote. Nikaona nikwambie mapema, utafute watu."

"Umefanya vizuri kunipigia. Pole sana kwa kuku wako."

"Asante, mama. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia pole. Wengine wananiuliza tu kama nyama iko."

Simu ilipokatika Wangeci alibaki amesimama katikati ya chumba, mkono kifuani. Mashine ilikuwa ikivuma ile sauti yake ya kila siku. Mayai mia tatu na themanini. Kwa kawaida yake wangetoka vifaranga mia tatu na kidogo. Na chumba chake cha kuwalea, chenye taa za joto na maranda ya mbao sakafuni, kilitosha vifaranga mia moja, basi. Ukisukuma sana, mia na ishirini.

Yeye alijua kinachotokea ukisukuma zaidi ya hapo. Mwezi wa saba, mwaka juzi, aliwaweka mia mbili na hamsini mle ndani kwa sababu hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anao. Alikuwa akingoja watu wapige simu wenyewe, kama wanavyopiga siku zote. Baridi ya Lanet ikashuka alfajiri, vifaranga wakakimbilia pembe moja kutafuta joto, wakapandana. Asubuhi aliwatoa wa chini mmoja mmoja. Walikuwa sitini na wanne, na kila mmoja bado alikuwa na manyoya laini kama pamba. Aliwazika nyuma ya nyumba, chini ya ua wa miba wa kei-apple, na kwa wiki nzima hakupita upande ule. Kilichomuuma kuliko vyote ni maneno ya jirani mmoja, aliyesema kwa upole kabisa, "Woiye, Mama Abby, si ungeniambia tu? Ningechukua hamsini."

Kwa hiyo safari hii alijua la kufanya. Alipaswa kuwaambia watu.

Alikuwa na majina mia moja sitini na matatu kwenye simu, yote ya wateja. Alikuwa ameyaandika kwa namna yake: Mama Cheptoo Njoro wa mguu mbovu. Mzee Kiptanui Rongai anapenda weusi. Kamande fundi, mkewe ndiye mwenye kuku. Alimkumbuka kila mmoja na banda lake, hata kama hakuwahi kuliona. Lakini tangu aanze biashara ile miaka sita iliyopita, hakuwahi kumwandikia hata mmoja wao kumwambia, njoo ununue.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akaandika: Habari za asubuhi.

Akafikiri. Na atakayesoma mchana? Akafuta. Habari zenu. Sasa hiyo ilikuwa kama mwalimu mbele ya darasa. Akafuta. Wateja wangu wapendwa. Hivyo ndivyo benki huandika kabla ya kukuambia jambo baya. Akafuta. Natumaini hamjambo nyote. Lakini alijua fika kwamba si wote hawajambo. Mama mmoja wa Bahati alikuwa amefiwa na mume mwezi uliopita. Utamwandikiaje mtu kama huyo habari za vifaranga? Utamwacha? Na ukimwacha, si ataona umemtenga?

Aliinuka akaenda kuangalia kipimo cha joto cha mashine. Kilikuwa sawa. Alirudi akakaa. Akainuka tena akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa.

Hivyo ndivyo Jumatatu ilivyokwenda. Mayai yalikuwa yameachwa kugeuzwa, lakini maneno aliyageuza asubuhi, akayageuza mchana, akayageuza akiwa amesimama jikoni mwiko mkononi, mpaka sukuma wiki ikaungua na kushika chini ya sufuria. Mumewe, Ndung'u, alirudi kutoka kwenye kiwanda cha mbao saa kumi na moja, akanusa, akakwangua sufuria mwenyewe bila kuuliza. Nyumba yao ilikuwa ya watu wawili wasiosema sana. Binti yao Abby, aliyekuwa chuoni, alizoea kusema kwamba ukitaka kusikia kelele pale nyumbani uende kwa kuku.

"Nicodemus hachukui," Wangeci alisema.

Ndung'u aliweka kijiko chini. "Wote?"

"Wote."

Hakuuliza, je, umewaandikia watu? Hakutaja yale ya mwaka juzi. Alimmiminia chai, akaisogeza karibu na mkono wake, kisha akatoka nje na tochi na nyundo, akaanza kuziba nafasi zilizopitisha upepo kwenye chumba cha vifaranga. Wangeci aliisikia ile nyundo, akaelewa kila pigo.

Jumanne asubuhi alikuwa na rasimu kumi na moja. Moja ilikuwa ndefu kama barua ya posa. Nyingine ilikuwa na maneno matatu tu: Nina vifaranga, karibuni. Aliiona imekaa vizuri, akaitazama tena, akaona ni kama amri. Akaongeza tafadhali. Akaona sasa ni kama anaomba msaada. Kila alipokaribia kubonyeza, alimwona mtu mahali fulani akitoa simu mfukoni kwa haraka, akidhani ni habari ya maana, kisha anasonya: kumbe ni yule mama wa vifaranga. Picha hiyo ya mtu anayesonya ilimchoma kuliko picha ya mtu anayemtukana.

Saa nne Sue akaingia na mfuko wa ndizi.

Sue na Wangeci walisoma pamoja tangu darasa la kwanza. Sasa Sue aliishi Milimani, aliuza mapazia na duveti mjini, na simu yake haikunyamaza. Aliweka picha kwenye status mara kumi kwa siku. Watu walimwona anaringa, lakini ndizi zile alikuwa amezibeba kwa sababu alikumbuka kwamba Wangeci akiwa na wasiwasi hali chakula, ila ndizi anaweza.

"Ndung'u ameniambia," Sue alisema. "Na usimkasirikie. Lete hiyo simu."

"Niache kwanza nifikirie."

"Umefikiria tangu jana! Wangeci, hata Mungu aliumba dunia bila rasimu. Lete."

"Sitaki kuwasumbua watu, Sue."

"Nani amekuambia wanasumbuka? Mimi nawasumbua kila siku na bado wananunua. Ona hizi vidole zangu, zimechoka kupokea oda." Alishaichukua simu. Aliandika kwa vidole gumba viwili, kucha zikigonga kioo kama kuku anayedonoa bati, na Wangeci, ambaye hakuwa amelala vizuri, alihisi kitu kama nafuu. Mtu mwingine amebeba. Aache abebe.

"Sasa funga macho," Sue alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimetuma."

Wangeci aliichukua simu akasoma. MEGA OFA!!! MEGA OFA!!! Usilale maskini! Vifaranga wa kisasa, bei ya kutupa! Mia moja wa kwanza PEKEE! LIPIA SASA kwa namba hii ujihakikishie nafasi yako! Usiseme hukuambiwa! Kulikuwa na picha za moto, na roketi tatu.

"Roketi ni za nini?" Wangeci aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni za kuonyesha mambo yanapaa. Tulia. Kufika jioni utanishukuru."

Jioni haikuleta kitu. Alama za kusomwa zilikuja moja baada ya nyingine, samawati, samawati, samawati, na hakuna aliyejibu. Wangeci aliiweka simu juu ya kabati ili asiione, kisha akasimama kwenye kiti kuishusha. Wamesoma. Wamesonya. Watu mia moja sitini na watatu, pamoja na yule mama wa Bahati, ambaye katikati ya msiba wake alikuwa ameambiwa asilale maskini.

Jumatano, jua likiwa ndiyo linachomoza, alifungua kundi la akina mama wa kanisani akakuta ujumbe wa mwenyekiti: Wapendwa, namba ya Mama Abby imechukuliwa na wakora. Wanaomba watu walipie vifaranga. Msitume chochote. Tumkumbuke dada yetu katika maombi. Chini yake kulikuwa na amina kumi na tisa.

Alikuwa bado anasoma zile amina wakati simu ilipolia mkononi mwake. Mama Cheptoo Njoro wa mguu mbovu.

"Haloo?" Wangeci alisema.

"Wewe ni nani?" Sauti ya mama mzee ilikuwa kali.

"Ni mimi, Mama Abby wa vifaranga."

"Mama Abby gani? Wewe ni mwanaume umebana sauti."

"Mama, ni mimi kweli."

"Uko jela gani, wewe tapeli wa simu? Niambie tu, mimi sitakuchoma kwa polisi. Kuna watu wangapi hapo na hizo simu?"

"Mama Cheptoo, niko nyumbani, Lanet. Nimeshika mwiko."

"Kila mkora ako na mwiko siku hizi. Sikiza, kijana. Mimi nimenunua kwa huyo mama miaka nne. Hajawahi kuniambia lipa kabla nihesabu vifaranga yangu kwa katoni. Hata siku moja. Mimi huhesabu, yeye huhesabu, ndio natoa pesa. Sasa wewe unaniambia lipia sasa, lipia sasa, na moto unawaka hapo chini! Moto ya nini karibu na vifaranga?"

Wangeci hakujua kama alie au acheke. Ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo kanuni yake tangu mteja wa kwanza kabisa: hakuna kulipa kabla ya kuhesabu. Hakuwahi kuifikiria kuwa kitu cha maana. Ilikuwa tu adabu.

"Haya," Mama Cheptoo aliendelea, "kama ni wewe, niambie uliniandikia nini kwa kile kifuniko. Mwaka jana, mwezi wa nne. Kulikuwa na mvua."

Hapa lazima ijulikane jambo moja. Wangeci hakuwa msemaji mtu anapokuja kuchukua vifaranga. Aliwahesabu, akawafunga, akaaga. Lakini kwa kuwa alihofia watakavyolala ugenini, alikuwa na mazoea ya kuchukua kalamu nene nyeusi na kuandika mambo mawili matatu juu ya kifuniko cha katoni, kati ya matundu ya hewa, mteja akiwa amesimama pale anangoja. Hakuandika maneno yaleyale kwa watu wote. Kila mtu aliandikiwa yake.

Alifumba macho. Mvua ya mwezi wa nne. Mama mfupi mwenye koti la marehemu mumewe.

"Niliandika: usiku wa kwanza joto kabla ya chakula. Funika jiko na chungu ili moshi usiwaumize. Niliandika, tia kidole kwenye maji yao, kidole kikisikia baridi, wao wanasikia zaidi. Halafu…" alifikiri. "Halafu niliandika kuna mmoja wa mguu mlegevu, huyo ni wa bure. Usimtupe, mama. Anakula vizuri."

Upande wa pili jogoo akawika Njoro.

"Kumbe ni wewe," Mama Cheptoo alisema, na sauti ikawa nyingine kabisa. "Ni wewe, mama. Hicho kifuniko nilikipiga misumari kwa ukuta ya banda. Mpaka leo kiko hapo. Na huyo wa mguu mlegevu ni kuku mkubwa sasa, anachechemea akiwafukuza wengine. Anataga kushinda wote." Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mbona ulituandikia kama mwizi?"

"Nilisaidiwa kuandika."

"Huyo aliyekusaidia ako na haraka ya kwenda wapi?"

"Mama," Wangeci alisema, na maneno yakatoka yenyewe kabla hajayapima, "niko na vifaranga karibu mia tatu, wanatoka kesho, na aliyewaagiza hataweza kuwachukua. Sina mahali pa kuwalaza. Naogopa watanifia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu kwamba anaogopa.

"Ai! Na ulikuwa unangoja nini kusema? Niwekee thelathini. Nitakuja Ijumaa, kesho nina kliniki ya presha. Lakini hao wengine watajua aje ni wewe? Mimi nimekujua kwa kifuniko."

Akakata simu bila kwaheri, kama wafanyavyo wazee.

Wangeci alikwenda mbele ya mashine akachungulia kwenye kioo kidogo cha mlango. Kwenye trei, upande wa kushoto, yai moja lilikuwa na ufa wenye umbo la nyota. Ufa ule ulitikisika. Pembeni yake jingine. Hayakuwa yakingoja mtu apate maneno.

Katoni tupu zilikuwa zimepangwa ukutani. Alichukua kifuniko kimoja, akakiweka juu ya magoti, akafungua kalamu kwa meno. Mkono wake ulijua kazi hii. Nafasi ilikuwa ndogo, kulikuwa na matundu ya kukwepa, na wino ule ukishaingia kwenye katoni hauna kufutwa. Akaandika, midomo ikienda pamoja na herufi:

Ni mimi Mama Abby wa vifaranga, Lanet. Simu haikuibiwa. Ujumbe wa jana ulitoka kwangu na haukuwa mzuri. Nisameheni. Hakuna kulipa kabla ya kuhesabu, kama siku zote. Kesho Alhamisi natarajia vifaranga mia tatu. Aliyewa

Kalamu ikasimama. Alikuwa karibu kuandika, aliyewaagiza ameingiliwa na kideri. Nicodemus alikuwa na hoteli, na watu wangeacha kula kwake. Alipiga mstari mnene juu ya neno lile. Lilibaki pale, limekatwa, mtu yeyote angeliona. Aliendelea chini yake:

Nina joto la mia moja tu. Wengine wanahitaji nyumba kabla ya Jumamosi. Kama una nafasi na jiko, njoo. Njoo na kitambaa cha kufunika katoni, asubuhi kuna baridi. Kama huna nafasi, si neno, tuko pamoja.

Alikisimamisha kifuniko dirishani akapiga picha. Ilitoka na ukungu. Akapiga tena, kidole gumba chake kikaingia kwenye kona. Mwandiko ulikuwa umepinda kuelekea chini, kama unavyopinda siku zote, na lile neno lililokatwa lilikaa katikati kama kovu. Alianza kufikiri achukue kifuniko kingine aandike upya, vizuri. Alikuwa ameshanyosha mkono kukichukua. Kisha akafikiri kwamba kifuniko hicho kingine kitahitajika kufunika vifaranga. Hakikuwa cha kuchezea.

Akamtumia kila mmoja, jina kwa jina. Kwa yule mama wa Bahati aliongeza: Mama, hii si lazima. Nakukumbuka. Ilimchukua saa nzima na nusu. Alipomaliza alienda nje akasimama kwenye ua, akatembea mpaka geti, akarudi, akatembea mpaka geti.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mzee Kiptanui wa Rongai: Huo ni mwandiko wako, unapinda kama barabara ya kwetu. Weusi hamsini. Kisha mke wa Kamande: ishirini, na mbona ulikuwa kimya hivyo. Mwingine akauliza kama ana bata. Mwingine akasema hana nafasi, lakini amempelekea dada yake wa Elburgon. Mwenyekiti wa kanisani akaandika kwenye kundi: Wapendwa, namba ya Mama Abby imerudi. Maombi yamejibiwa. Zikafuata amina ishirini na mbili, tatu zaidi ya zile za asubuhi.

Mtu mmoja akaandika: Usinitumie tena vitu vyako. Futa namba yangu.

Huyo ndiye aliyekuwa akimwogopa siku zote. Amekuja. Wangeci alisoma mara mbili, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akangoja. Iliuma kama kidole kilichogongwa na nyundo. Aliiacha iume. Kisha akaandika Sawa, samahani kwa usumbufu, akafuta ile namba kama alivyoombwa, na akaona kwamba mashine bado inavuma, na kwamba ana njaa.

Yule mama wa Bahati alijibu jioni. Asante kwa kunikumbuka. Watu wameacha kunipigia. Nitachukua kumi, nipate cha kuamkia.

Sue alipiga simu akicheka na kukasirika kwa pamoja. "Ati wakora? Mimi, Wangeci? Na roketi zangu?"

"Nisamehe, Sue. Ulinisaidia."

"Nilikuharibia jina!"

"Bila wewe kuharibu nisingeandika."

Sue alishusha sauti, jambo la nadra. "Hiyo picha ya kifuniko nimewatumia wateja wangu wa mapazia. Nimeandika tu, huyu ni rafiki yangu. Sijaongeza kitu. Hata alama moja ya mshangao." Halafu akaongeza, "Kidole chako gumba kinaonekana."

"Najua."

Alhamisi vifaranga mia tatu na kumi na mmoja walitoka. Walitoka wamelowa, wachovu, wakalala kifudifudi kama watu waliovuka mto, na kufikia saa sita walikuwa wamekauka na wanapiga kelele. Wangeci hakutulia hata dakika. Alihesabu, akaandika vifuniko, akahesabu tena. Mzee Kiptanui alikuja na sweta lake la shule la zamani la kufunika katoni, akarudi Rongai akitetemeka kwa baridi mwenyewe. Dada wa Elburgon alikuja. Watu wawili wa Sue walikuja kutoka Milimani wakiwa na viatu vyeupe, hawajui hata jiko la makaa huwashwaje. Wangeci aliwaandikia kifuniko kikajaa mpaka pembeni. Nicodemus alimtuma dereva wake na gari la hoteli lisaidie kupeleka katoni za mbali, na akaagiza dereva asishuke kwenye gari wala asikanyage ua, asije akaleta ugonjwa. Katoni zilipakiwa na Ndung'u, dereva amekaa kwenye usukani mikono juu kama aliyekamatwa.

Jioni Wangeci alihesabu waliobaki. Mia moja na thelathini na sita. Ukitoa thelathini wa Mama Cheptoo, mia moja na sita. Chumba kingewatosha hao. Lakini usiku huo thelathini walikuwa bado wamo, na baridi ilikuwa ileile ya mwaka juzi. Ndung'u alichukua katoni mbili, akawahesabu mle kumi na tano kumi na tano, akazibeba mpaka jikoni na kuziweka kando ya jiko lililofunikwa na chungu. Kisha akavuta kiti akakaa karibu nazo na gazeti la wiki iliyopita. Wangeci alimletea chai.

Alfajiri ya Ijumaa alikuwa mlangoni pa chumba cha vifaranga kabla hajavaa viatu. Mkono ulisita kwenye komeo. Akafungua. Walikuwa wametawanyika juu ya maranda, huyu hapa, yule kule, wamelala wamenyoosha shingo chini ya taa. Hakuna pembe iliyojaa. Aliangalia pembe zote nne, akazirudia.

Mama Cheptoo alifika saa tano, amevaa lile koti, kifua kimevimba upande mmoja. Alihesabu thelathini wake kwa sauti, Wangeci akahesabu pamoja naye, na ndipo pesa zikatoka kwenye leso. Kisha mama mzee akaingiza mkono ndani ya koti akatoa soksi ya sufu iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mayai matano, bado yana joto la mwili wake.

"Ya yule wa mguu mlegevu," alisema. "Niwekee kwa mashine yako. Nataka mbegu yake."

Wangeci aliyachukua moja moja akayatazama kwenye mwanga. Alitoa penseli nyuma ya sikio, na juu ya kila yai akaandika tarehe na neno moja, Njoro. Kwenye la tano penseli ilisimama kidogo hewani, kama kawaida yake, ikitafuta kama kuna neno bora zaidi.

"Andika tu, mama," Mama Cheptoo alisema. "Yanapoa."

Akaandika.